Vakansi ya Watoto wa Uvira Haiko Katika Bajeti ya Mtu

Uvira, Agosti 2025



Wiki iliyopita nilipita kwenye barieri moja. Sitasema iko wapi wala ni ya nani, maana bado nataka kulala nyumbani kwetu usiku. Wakubwa walikuwa wamekaa chini ya mwembe, bunduki magotini. Aliyeshika kamba alikuwa mtoto. Motari akitoa franga, mtoto analegeza kamba. Asipotoa, anaikaza.

Nilimtambua. Mwaka 2023 alikuwa katika kundi langu la michezo, akiwa na miaka tisa hivi. Mchezo aliopenda kuliko yote ni kuruka kamba, ijapokuwa wenzake walikuwa wanamcheka eti huo ni mchezo wa wasichana. Na yeye alinitambua. Akasema, "Mwalimu, pita." Akaniteremshia kamba bila kuniomba kitu.

Nilipita. Nimepewa mambo mengi ya bure katika maisha, lakini sijawahi kuona aibu ya kitu cha bure kama siku ile.

Naandika kwa sababu ya kamba hiyo.

Mimi ni kijana wa hapa hapa. Niko na diploma ya licence, iko ndani ya plastiki juu ya kabati ya mama, na sina kazi. Kazi pekee iliyofanana kidogo na niliyosomea niliifanya kwa miezi michache, katika uwanja wa michezo wa watoto uliofunguliwa na shirika moja, sitalitaja. Baada ya mafuriko ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipotoka njiani na kubeba nyumba pamoja na watu, viwanja vya namna hiyo vilifunguliwa sehemu mbalimbali za mji. Sisi tuliitwa animateri. Tulikuwa na shitingi ya kutupa kivuli, ngoma moja, mipira miwili, kamba nne, na ndoo yenye bomba ya kunawia mikono. Basi.

Lakini mtu asidharau vitu hivyo. Julai na Agosti, masomo yakifungwa, watoto walikuwa wanafika kabla yetu. Mama aliyetoka alfajiri kwenda sokoni au kuvuka mpaka wa Kavimvira alijua mtoto wake yuko wapi mpaka saa sita mchana. Ukiweka mtoto mahali ambapo anaimba kuhusu kunawa mikono kila siku, katika mji ambao kolera haijawahi kutuaga, hiyo ni afya. Ukimweka mbali na ziwa wakati wa upepo wa kiangazi, umemwokoa asizame. Ukimpa kamba ya kuruka, hajatafuta nyingine ya kushika.

Kisha siku moja ilikuja jeep. Walihesabu mipira, wakahesabu ndoo, wakatusainisha karatasi, wakakunja shitingi. Tuliambiwa "projet imefika mwisho." Hakuna aliyekosa adabu. Hata walitushukuru. Kesho yake niliamka kwa mazoea, nikapita pale. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wanangoja. Mmoja akauliza, "Mwalimu, ngoma iko wapi?" Mwambie nini mtoto wa miaka saba? Kwamba utoto wake ulikuwa umeandikwa katika mkataba wa miezi kumi na minane?

Hapo ndipo nilianza kuelewa jambo ambalo leo nataka tulielewe wote.

MKATO ULIOTOKA MBALI

Mwaka huu watu wote wanalia na Marekani, na wako na sababu. Mwaka 2024, karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu katika nchi yetu zilitoka Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 rais wao mpya aliweka sahihi, misaada ikasimamishwa. Wiki hiyo hiyo vita ilikuwa inakaribia Goma. Goma ikaanguka mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na makumi ya maelfu ya watu wetu wakavuka kuingia Burundi, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Yaani siku ambazo watoto walihitaji kivuli kuliko siku zote ndizo siku ambazo shitingi zilianza kukunjwa. Tarehe 1 Julai USAID ikaacha rasmi kuendesha misaada. Huku kwetu, Julai ndiyo mwezi wa kuanza vakansi kubwa.

Tena tarehe 27 Juni, huko huko Washington, mawaziri wa Kongo na wa Rwanda walisaini karatasi ya amani. Wapiga picha walikuwepo, watu walishikana mikono. Siku nne baadaye mlango wa fedha ukafungwa. Nani atacheza katika amani hiyo, na atachezea wapi, sijasikia mtu akiuliza.

Kwa hiyo ndiyo, tulaumu. Kumkatia mtoto aliyekimbia vita ni dhambi, hata kama anayekata amevaa tai.

Lakini tukilaumu Washington peke yake, tutakuwa tunamsaidia mtu mwingine kujificha. Uwanja wangu haukufungwa na mkato wa 2025. Ulifungwa 2023, kwa sababu karatasi ya projet ilisema hivyo tangu siku ya kwanza. Mgeni amekuja, mgeni ameenda. Ndivyo wageni walivyo. Mwenye nyumba alikuwa wapi?

HUWEZI KUKATA AMBACHO HUKUWEKA

Katika nchi nyingine, serikali ikikata pesa za michezo ya watoto wakati wa likizo, wazazi wanatoka barabarani na kupiga kelele, kwa sababu kulikuwa na mustari katika bajeti na mustari ule umefutwa. Kwetu hakuna kelele. Si kwamba sisi ni watu wapole. Hakuna mustari. Fundi hawezi kukata kitambaa ambacho hakikununuliwa.

Na si kwamba serikali yetu haijui wajibu wake. Zaire ilitia sahihi na kuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 cha mkataba huo kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tarehe 10 Januari 2009 tukapata sheria yetu wenyewe, namba 09/001, ya kulinda mtoto. Na yenyewe inataja haki ya mtoto ya kucheza na kujiburudisha. Sheria hiyo hiyo inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi, katika polisi, na katika kundi lolote la silaha. Haitofautishi kundi linalotupenda na kundi linalotuchukia. Mtoto ni mtoto, kamba ni kamba.

Tazama basi: haki ya kucheza na katazo la kubeba silaha ziko katika sheria moja. Waliotunga walijua kwamba mambo hayo mawili ni jirani. Ukiacha moja tupu, la pili linajaa.

Pesa je? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe pale pale yanapoingia, isipande Kinshasa halafu iombwe kwa magoti. Sheria ya 2008 kuhusu miji, komine, sekteri na sheferi inasema asilimia 40 ya fungu la jimbo ishuke kwa hizo. Miaka inapita, majimbo yanalalamika kwamba haifiki yote, miji inalalamika kwamba jimbo haliteremshi. Kila mmoja anaonyesha kidole juu. Mtoto wa Nyamianda, ambaye hana aliye chini yake wa kumlalamikia, anaonyesha kidole wapi?

Wakati huo huo bajeti ya taifa ya mwaka huu inazidi miliardi elfu 50 za franga. Zisome kurasa zake. Utaona mishahara ya ofisi zenye majina marefu kuliko barabara tunazotembelea. Utaona safari. Tafuta mahali palipoandikwa vakansi ya mtoto wa Uvira.

"KUNA VITA, NA NINYI MUNASEMA MICHEZO?"

Hilo swali tunaulizwa kila mara, hata na wazee wetu tunaowaheshimu. "Batoto batacheza namna gani na adui iko karibu?" Tulijibu bila hasira, tujibu na historia.

Wazee wa hapa wanakumbuka Oktoba 1996. AFDL ilipita katika mji huu mwezi huo. Njiani ilikusanya watoto. Waliitwa kadogo. Wengine hawakukamatwa kwa nguvu: walifuata kwa sababu masomo yalikuwa yamesimama, nyumbani hakuna chakula, na mtu mwenye buti alikuwa wa kwanza kuwaita kwa majina yao. Neno kadogo, ambalo leo hata Kinshasa wanalijua, lilitembea kwa miguu kutoka huku kwetu mashariki. Wale waliobaki hai leo ni watu wazima. Uliza mmoja wao kama michezo ni upuzi.

Vita haiondoi haja ya mtoto kucheza. Vita inafanya haja hiyo kuwa kubwa zaidi, maana mtoto wa vita hana siku ya kawaida. Mwaka huu masomo yalikatika Februari kwa sababu ya hofu na risasi, yakarudi kwa kusuasua, kisha yakafungwa kwa vakansi. Kwa watoto wengi vakansi hii haijaanza Julai. Ilianza Februari, na haina mwisho unaoonekana. Miezi mingi ya kukaa barabarani ni miezi mingi ya kuitwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo hatusemi "acheni vita mufikirie mipira." Tunasema ukiwa na nia ya kweli kumnyima adui na kumnyima mwizi askari wa kesho, silaha ya bei ndogo kuliko zote ni uwanja wenye kivuli na mtu mzima asiye na bunduki.

HESABU YA SHOMERI

Wanapenda kusema vijana tunapiga kelele bila hesabu. Haya, nilipiga hesabu mwenyewe, kwa kalamu, kwa bei za hapa. Uwanja mmoja wa masomo, wiki nane. Animateri wanne, kila mmoja dola 50 kwa mwezi: miezi miwili ni dola 400. Mipira kumi ya bei ya kati, dola 100. Kamba, ngoma, sabuni, ndoo, maji, dawa ya vidonda: dola 150. Jumla dola 650.

Uvira ina kartie 14, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira. Weka uwanja mmoja kila kartie: 650 mara 14 ni dola 9,100. Ongeza kidogo kwa yule atakayesimamia na kwa mafuta ya moto, tusibishane, fanya 10,000. Kwa pesa hiyo hununui hata jeep moja ya mkubwa. Hununui nusu yake.

Na viwanja vipo. Vinalala. Julai na Agosti kila shule iko na ua mtupu na mlango uliofungwa kwa kufuli, huku watoto wa shule hiyo hiyo wanachezea ku barabara, kati ya moto na malori. Hakuna haja ya kujenga. Kuna haja ya ufunguo.

Na watu wapo. Niko mimi. Yuko mwenzangu aliyesomea saikolojia, anauza kredi ya telefone. Yuko dada aliyesomea ualimu, anasuka nywele. Mji huu umejaa diploma zilizolala juu ya makabati. Serikali inasema haina kazi ya kutupa, watoto hawana mtu wa kukaa nao. Mambo hayo mawili yanaishi kwenye avenyi moja na hawajasalimiana.

Tena mtu asituambie serikali yetu haiwezi jambo likiwa gumu. Septemba 2019 iliamua shule ya msingi iwe ya bure. Ilikuwa na kasoro, kalasi zilijaa mpaka madirishani, walimu walilia. Lakini iliamua, na mamilioni ya watoto wakaingia. Basi serikali hii inajua kuamua. Kuhusu miezi miwili ya mwaka ambayo mtoto hayuko kalasi, haijaamua bado.

WALIOBEBA MZIGO, NA WALIOPIGA KELELE

Haki iende kwa mwenyewe. Miaka yote hii walioshika watoto wa mji huu wakati wa vakansi ni maparokia na makanisa, ni Xaveri, ni Skauti, ni Kiro, ni mama mmoja mmoja mwenye ua mpana na moyo mpana. Wanafanya bila mshahara. Tunawashukuru. Lakini wema wa mtu usiwe mto wa kulalia wa serikali. Na mtoto asiye wa parokia yoyote, aliyefika juzi kutoka Uwanda wa Ruzizi na godoro kichwani, naye ni mtoto wa jimbo hili.

Tena tuangalie mbali kidogo, kwa watu ambao tunawafuata kila Jumamosi kwenye televisheni. Wengi wenu munamujua Marcus Rashford kwa sababu ya magoli. Mwaka 2020, wakati wa korona, aliandikia wabunge wa Uingereza barua kuhusu watoto maskini wanaokosa chakula masomo yakifungwa. Serikali ilikuwa imekataa. Juni 2020 ikageuka. Vakansi zilizofuata ikakataa tena, watu wakapiga kelele tena, na Novemba 2020 ikakubali kutoa pesa ili mpango wa michezo na chakula wakati wa likizo ufike kila sehemu ya England mwaka uliofuata. Hiyo ni nchi tajiri, na hata huko pesa haikutoka kwa huruma. Ilitoka kwa sababu watu hawakunyamaza.

Sisi hatuna Rashford. Lakini tuko wengi.

NA SISI JE?

Nisiwe mnafiki. Mwaka 2023 jeep ilipoondoka, mimi pia niliondoka. Shitingi ilikuwa yao, ngoma ilikuwa yao, lakini uwanja ulikuwa wetu na miguu ilikuwa yangu. Ningeweza kurudi kesho yake na mpira wa mifuko na kamba ya kufungia mbuzi. Sikurudi, kwa sababu hakukuwa na malipo, na kwa sababu nilikuwa nimejifunza, kama mji mzima ulivyojifunza, kwamba kila kitu kizuri kinakuja na nembo ya mtu mwingine. Mtoto aliyeshika kamba ya barieri ananiita Mwalimu bado. Jina hilo nimelibeba miaka miwili bila kulifanyia kazi.

Kwa hiyo barua hii inaenda sehemu mbili.

Kwa serikali ya jimbo: tangu Bukavu ilipoanguka mumekuja kukaa hapa Uvira. Karibuni. Zamani mulikuwa munasikia habari zetu kwa ripoti. Sasa munapita kila siku kati ya watoto hawa, vioo vya magari yenu vinawaona. Hamuwezi tena kusema hamukuambiwa. Tunadai:

1. Bajeti ya jimbo na bajeti ya mji kwa mwaka 2026 ziwe na mustari wenye jina lake: michezo ya watoto wakati wa vakansi. Hata ukiwa mdogo. Mustari mdogo unaweza kukua, na ukikatwa tutauona.

2. Meya atangaze hadharani, kwa Kiswahili, kiasi ambacho mji umepata kutoka fungu la asilimia 40, na tarehe kilipofika. Kama ni sifuri, atangaze sifuri.

3. Milango ya nyua za shule za serikali ifunguliwe asubuhi wiki hizi zilizobaki kabla ya Septemba. Hii haihitaji bajeti. Inahitaji amri ya ukurasa mmoja.

4. Viwanja vya wazi vilivyobaki mjini visikatwe parseli. Kila tukipata uwanja wa kucheza, mwaka unaofuata tunakuta matofali.

5. Mtoto yeyote aliye kwenye barieri yoyote arudishwe nyumbani, na aliyemweka aulizwe. Barieri yoyote, ya mtu yeyote.

Kwa vijana wenzangu: tusingoje jibu ili tuanze. Kuanzia Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, mimi niko kwenye uwanja ule ule wa zamani na kamba mbili na mpira mmoja. Sina nembo. Sina fulana ya kukupa. Anayeweza kuja kwangu aje, anayekaa mbali afungue kwake, kwenye kartie yake, na mwenzake mmoja au wawili, na aandike kila siku idadi ya watoto waliofika. Daftari hizo tutazipeleka kwa meya na kwa gavana kabla bajeti haijafungwa. Watuambie uso kwa uso kwamba watoto wenye majina na namba hawastahili dola elfu kumi. Lakini tusikubali kuwa dawa ya kulaza serikali. Tunaanza kwa mikono yetu ili waone, siyo ili wapumzike.

Na yule mtoto wa barieri, nitapita tena pale. Kabla ya wakubwa hawajaamka, kama nikiweza. Nitamwambia tu kwamba Jumamosi kuna kamba nyingine.

Mwanaharakati wa Uvira, mwenye diploma, asiye na kazi, asiyenyamaza